Ukialikwa Ujerumani Wakati wa Kiangazi: Ushauri kwa Msafiri wa Kibaha na Kisarawe

Miji mitatu inatosha. Naanza na neno hili kwa sababu ndilo linalokubalika kwa shida kuliko yote nitakayoyasema. Mtu wetu wa Kibaha au Kisarawe akipata mwaliko wa Ujerumani kwa majira ya joto ya huko, iwe usharika umealikwa na usharika rafiki, au shule imealikwa na shule, au mtoto wa dada ameolewa kule na anataka mama yake mdogo amtembelee, kazi ya kwanza inakuwa kuchukua ramani na kuorodhesha: Frankfurt, Köln, Hamburg, Berlin, Dresden, München. Siku 20, miji sita. Ukiikagua ratiba ya namna hiyo unaona nusu ya safari imekwenda kwa kufunga mabegi, kutafuta jukwaa la treni na kulala kwenye kiti. Nauli ya ndege ni fedha nyingi, na mara nyingi imechangwa na watu ambao wao hawasafiri. Wanastahili arudi mtu aliyeona kitu.

Nakushauri uchague Berlin, Leipzig na Hamburg, na njiani kati ya Berlin na Leipzig ushuke Wittenberg kwa nusu siku. Uzuri wa majengo siyo sababu yangu kubwa, maana München nayo ni nzuri. Ninachokitazama ni kwamba katika miji hii kuna watu wetu na vitu vyetu, na mtu wa Mkoa wa Pwani ana shughuli ya kufanya huko ambayo mtalii wa kawaida hana.

Lakini tuanze na makaratasi, maana safari nyingi hufia hapo. Pasipoti ya kielektroniki unaiomba kwa mtandao wa Uhamiaji, ukiwa na namba ya NIDA na cheti cha kuzaliwa, chako na cha mzazi. Ada yake ni shilingi 150,000. Usisubiri mwaliko ndipo uanze kutafuta cheti cha kuzaliwa cha mzazi aliyezaliwa Mzenga au Chole enzi ambazo watu hawakuandikisha watoto. Hilo peke yake linaweza kula miezi. Mwenye pasipoti ya zamani aangalie tarehe: viza ya Schengen inataka pasipoti iliyotolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na itakayobaki hai angalau miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka Ulaya.

Maombi ya viza yanapokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasipungue siku 15 kabla. Jibu hutoka kwa kawaida ndani ya siku 15 tangu maombi yapokelewe, ila sheria inaruhusu lifike hata siku 45. Na kabla ya hapo kuna kupata miadi, ambayo wakati wa kuelekea kiangazi hugombewa. Kwa hiyo anayesafiri Julai awe na faili kamili mwezi Februari au Machi. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11; walio chini ya hapo hawalipi. Bima ya safari lazima igharamie matibabu yasiyopungua euro 30,000. Fedha hii ya ada hairudishwi ukikataliwa, na tangu Julai 2025 Ujerumani imefuta utaratibu wa kuandika barua ya kupinga uamuzi kwenye ubalozi. Kilichobaki ni kuomba upya au kwenda mahakamani Berlin. Kwa hiyo faili la kwanza ndilo la kutengeneza vizuri.

Faili zuri linajibu swali moja: huyu mtu atarudi? Barua ya mwajiri inayosema umepewa likizo ya tarehe fulani hadi fulani na nafasi yako inakusubiri. Hati ya shamba la korosho au kiwanja kilichopimwa. Cheti cha ndoa. Leseni ya biashara na risiti za kodi. Taarifa ya benki iwe ya kweli, yenye fedha inayoingia na kutoka kila mwezi. Kuingiza milioni tano wiki moja kabla ya miadi, fedha ambazo jirani anazisubiri azichukue keshokutwa, kunaharibu hata faili la mtu mwenye kipato halali. Kama mwenyeji ndiye atakayebeba gharama, asiishie kwenye barua ya mwaliko. Aende ofisi ya wageni ya mji wake akasaini tamko rasmi la dhamana, kisha akutumie nakala halisi kwa posta ya haraka. Picha ya WhatsApp haitoshi. Kwa vikundi vyenye vijana walio chini ya miaka 18, wazazi wote wawili watoe ridhaa ya maandishi, na hapa viongozi wa kwaya na walimu wawe wakali, kwa sababu kijana mmoja asiye na karatasi hiyo anaweza kukwamisha kikundi kizima.

Ukishapewa viza, soma kibandiko chake kwa makini. Kuna tarehe za kuanzia na kuishia, na kuna idadi ya siku unazoruhusiwa kukaa. Vitu hivyo ni viwili tofauti. Viza inaweza kuwa hai kwa siku 45 huku ikikupa siku 25 tu za kukaa. Mpakani sasa wageni wanapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole kwa mfumo mpya wa Ulaya ulioanza Oktoba 2025, hivyo siku zako zinahesabiwa na kompyuta.

Miezi ya kusubiri viza isipite bure. Itumie kujua kwenu. Nasema hili kwa msisitizo kwa sababu mwenyeji wako Mjerumani, hasa kijana, atakuuliza kuhusu ukoloni. Wengine watakuuliza kwa aibu, wengine kwa kutojua kabisa kwamba nchi yao ilitutawala. Inaumiza kumwona mtu aliyezaliwa Maneromango akijibu kwa habari za twiga na Mlima Kilimanjaro.

Wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walifungua vituo Kisarawe na Maneromango katika miaka ya 1890, na tangu 1903 vituo hivyo vikawa chini ya Misheni ya Berlin. Reli ya Kati, inayopita Pugu, Soga na Ruvu, Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Na mwaka huohuo wa 1905 vita vya Maji Maji vilipowaka kusini, vilifika Uzaramo pia. Kibasila wa Kisangire, jumbe aliyekataa kulimisha watu wake pamba ya Mjerumani, alinyongwa. Watoto wetu wanalijua jina lake kwa sababu ya shule ya sekondari pale Temeke, lakini wengi hawajui kwamba alikuwa mtu wa Kisarawe. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kukusanya simulizi za vita hivyo kwa wazee waliokuwa bado hai. Wewe nenda kwa wajukuu wa wazee hao. Waulize nani alipelekwa kazi za shuruti, nani alikuwa askari, nani alibatizwa na jina gani, kaburi liko wapi. Andika majina kwa usahihi. Hayo majina utayahitaji Berlin.

Msafiri wa Kibaha ana jambo jingine la kusimulia. Shirika la Elimu Kibaha lilizaliwa kutokana na makubaliano ya 1963 kati ya Tanganyika na nchi za Nordiki, likakabidhiwa kwa serikali yetu mwaka 1970: shule, kituo cha afya, mafunzo ya wakulima, vyote pamoja. Ni hadithi ya Wazungu waliokuja kwa mkataba, wakajenga, wakakabidhi. Kwenye mazungumzo na wenyeji Wajerumani inasaidia sana kuwa na hadithi zote mbili mkononi, ya Kisangire na ya Kibaha, ili mazungumzo yasiwe ya lawama tupu wala ya shukrani tupu.

Sasa Berlin. Ipe wiki nzima ukiweza. Anza kaskazini, eneo la Wedding, kwa treni ya chini ya ardhi ya U6, ushuke kituo cha Afrikanische Straße. Mitaa ya hapo imebeba majina ya Afrika tangu zama za ukoloni, na mmoja wao ulikuwa umepewa jina la Carl Peters, yule aliyekuja kwetu mwaka 1884 na kuwasainisha machifu mikataba ya ulaghai. Wanaharakati, wengi wao Waafrika waishio Berlin, walipigania miaka mingi jina hilo liondoke. Agosti 2024 barabara hiyo ikagawiwa majina mawili, na sehemu moja inaitwa Maji-Maji-Allee. Simama chini ya kibao hicho ukiwa na majina uliyoandika nyumbani. Piga picha, ndiyo, lakini pia mwambie mwenyeji wako kwa sauti Kibasila alikuwa nani. Huenda ikawa mara ya kwanza jina hilo kutamkwa mtaani pale.

Siku nyingine nenda Neukölln, kusini. Karibu na Hermannplatz kuna Lucy-Lameck-Straße. Mtaa huo uliitwa kwa jina la Hermann von Wissmann, aliyeongoza jeshi lililozima upinzani wa pwani yetu chini ya Abushiri, na mwaka 2021 ukapewa jina la Lucy Lameck, mwanamke wa Moshi aliyekuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kushika nafasi serikalini Tanzania. Kutoka hapo, ukivuka bustani ya Hasenheide kwa miguu, unafika Msikiti wa Şehitlik wa Waturuki, ulioko Columbiadamm. Wasafiri wetu Waislamu wauweke kwenye ratiba ya Ijumaa. Eneo hilo la Neukölln lina migahawa mingi ya Kituruki na Kiarabu, kwa hiyo chakula cha halali si tatizo Berlin. Kinachohitaji kujipanga ni saa za swala: mwishoni mwa Juni jua linazama kama saa tatu unusu usiku, Isha inaingia usiku wa manane unapokaribia, na Alfajiri inakuja baada ya muda mfupi tu. Mweleze mwenyeji mapema ili asishangae kusikia maji yakimwagika bafuni saa tisa.

Mahali ninapopataka kuliko pote ni Brunnenstraße namba 193, katikati ya mji. Kwenye njia ya waenda kwa miguu kuna kijiwe kidogo chenye bamba la shaba. Kina jina la Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Akiwa bado mtoto aliingia jeshi la Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1929 akaenda Berlin. Alifanya kazi ya kuhudumia wateja mgahawani, akacheza sehemu ndogondogo kwenye filamu, na akasaidia kufundisha Kiswahili chuoni. Utawala wa Hitler ulipokuja, uhusiano wake na mwanamke Mjerumani ukafanywa kosa. Alipelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen bila hukumu ya mahakama, akafia humo Novemba 1944. Mtu wa kwetu kabisa, aliyefundisha lugha hii ninayoiandika. Kambi yenyewe iko Oranienburg, mwisho wa treni ya S1. Tenga siku nzima, na usiweke karamu jioni yake. Vijana waandaliwe kabla, wasiambiwe mlangoni.

Makumbusho ya Viumbe Asilia yako Invalidenstraße, na Jumatatu hufungwa. Ukumbini amesimama mjusi mkubwa wa kale wa Tendaguru, Lindi, mwenye urefu wa mita 13.27 kwenda juu. Mifupa yake ilichimbwa kati ya 1909 na 1913 kwa mikono ya wachimbaji wa kusini, ikabebwa kwa vichwa na mabega hadi bandari ya Lindi. Humboldt Forum nayo, palipowekwa Makumbusho ya Ethnolojia, hufungwa Jumanne. Makumbusho hayo yana maelfu ya vitu kutoka Tanzania, na baadhi vilitekwa katika vita vya Maji Maji. Sehemu kubwa ya vitu hivyo iko ghalani. Ukitaka kuona kitu mahususi cha Uzaramo, kwa mfano mwana hiti, kile kisanamu cha mti, andika barua pepe miezi kadhaa kabla, ueleze wewe ni nani na unatoka kijiji gani. Fanya vivyo hivyo kwa kumbukumbu za Misheni ya Berlin, zilizohifadhiwa mjini humo. Nyaraka hizo zimeandikwa kwa mwandiko wa kale ambao hata Wajerumani wa leo wengi hawausomi, kwa hiyo omba usharika mwenyeji ukutafutie mtu mzima anayeujua. Hiyo ni zawadi kubwa kuliko chakula cha jioni hotelini, na mara nyingi wenyeji hufurahi kuombwa kitu chenye maana.

Wittenberg ni mji mdogo, saa nne zinatosha. Walutheri wa Kisarawe watataka kuona mlango wa kanisa unaohusishwa na hoja 95 za Martin Luther za 31 Oktoba 1517. Mlango wa sasa ni wa shaba na uliwekwa baadaye, ule wa mbao uliungua. Leipzig nayo ni ya wapenda muziki: Kanisa la Mtakatifu Thomas ndiko Bach alikokuwa mwalimu wa kwaya tangu 1723 hadi alipofariki 1750, na kaburi lake limo humo. Kwaya ya wavulana huimba Ijumaa na Jumamosi, ila katika likizo za shule za kiangazi inapumzika na wageni huchukua nafasi, basi tazama ratiba kabla hujawaahidi waimbaji wako.

Hamburg ni dada wa Dar es Salaam kwa makubaliano ya 2010. Bandarini ndiko zilikotoka meli za kampuni ya Deutsche Ost-Afrika Linie, iliyoanzishwa 1890 kusafiri hadi pwani yetu. Lakini mimi ningekupeleka kwanza makaburini Ohlsdorf, kwa treni ya U1 au S1. Makaburi hayo ni makubwa kiasi kwamba basi hupita ndani yake, kwa hiyo uliza langoni kabla hujaanza kutembea. Humo amezikwa Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, aliyezaliwa Unguja 1844, akaondoka 1866 akiwa na mimba ya mfanyabiashara wa Hamburg, akaitwa Emily Ruete, akafiwa na mume mapema na kulea watoto watatu ugenini. Alifariki 1924. Wanawake wetu walioolewa Ujerumani wanayaelewa maisha yake kuliko mwanahistoria yeyote. Kama unamtembelea binti yako, nendeni wawili, mkae kwenye benchi, mzungumze yale ambayo simu ya mbali haiyazungumzi.

Usafiri wa kati ya miji una kanuni moja ya kukuokoa fedha. Kuna tiketi ya mwezi iitwayo Deutschlandticket, ambayo Januari 2026 ilipanda kutoka euro 58 hadi 63. Inapanda treni za mikoa, za mjini na mabasi nchi nzima. Haipandi treni za kasi za ICE. Inahesabu mwezi wa kalenda, kuanzia tarehe 1 hadi mwisho, hivyo safari ya tarehe 2 hadi 28 Julai inahitaji tiketi moja, na safari ya tarehe 20 Julai hadi 10 Agosti inahitaji mbili. Panga tarehe zako kwa kutazama hilo. Ni mkataba unaojirudia kila mwezi, na lazima uuvunje kabla ya tarehe 10 ya mwezi kupita, la sivyo watakata tena. Aliyezoea SGR, akapandia Soga au Pugu na tiketi yenye namba ya behewa na kiti, ajue kuwa treni za mikoa kule hazina viti vya kuandikiwa, anayewahi anakaa. Kwenye ICE kiti hulipiwa peke yake. Na hakuna kondakta wa kukudai nauli mlangoni, lakini wakaguzi huingia bila taarifa, na asiye na tiketi halali hutozwa euro 60. Kutojua Kijerumani hakukuokoi.

Beba sweta hata kama ni Julai. Kuna siku joto hupita nyuzi 35 katika nyumba zisizo na kiyoyozi, na kesho yake mvua na nyuzi 14. Nyama, maziwa na vyakula vitokanavyo navyo usivibebe, vitachukuliwa uwanjani. Matunda mabichi pia yaache. Korosho zilizokaangwa na kufungwa vizuri ndizo zawadi yetu. Jumapili maduka hufungwa, kwa hiyo chakula kinunuliwe Jumamosi. Maji ya bomba ni salama kunywa. Chupa nyingi za plastiki na makopo zina amana ya senti 25, usitupe. Rudisha kwenye mashine dukani. Pesa za simu za kwetu hazilipi huko, hivyo chukua kadi ya benki na euro taslimu kidogo. Dawa za presha na sukari ziwe za safari nzima, ndani ya begi la mkononi, pamoja na cheti cha daktari kwa Kiingereza.

Kuna jambo la kusema wazi, hasa kwa wazazi wanaowatuma vijana. Ubaguzi upo. Wengi watakupokea kwa ukarimu ambao hukuutegemea, na bado anaweza kutokea mtu kwenye treni akakutukana kwa rangi yako. Usijibizane. Sogea penye watu, shuka kituo chenye mwanga, piga 110 kwa polisi. Gari la wagonjwa na zimamoto ni 112. Kikundi kitembee wawiliwawili usiku, na kila mmoja awe na nakala ya pasipoti na anwani ya mwenyeji kwenye karatasi, maana simu huishiwa chaji.

Siku ya kuondoka nyumbani, wa Kisarawe wana nafuu: barabara ya Pugu inapita Gongo la Mboto na kukufikisha uwanja wa ndege bila kuingia mjini. Wa Kibaha wahesabu foleni ya Mbezi hadi Ubungo, na kama ndege ni ya jioni waondoke asubuhi. Kwa safari ya kurudi, chagua ndege inayoondoka angalau siku mbili kabla siku zako za viza hazijaisha. Migomo ya viwanja vya ndege hutokea, ndege huahirishwa, na siku mbili hizo ndizo zitakazokufanya uondoke ukiwa ndani ya sheria, na ombi lako la mwaka ujao likiwa safi.